Fomu Iliyolala Siku Tatu

Fomu ya kifo cha Cornelia ilijazwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Zaitun. Mtu anayeficha jambo huandika ovyo, anaruka mistari, anasahau tarehe. Hii ilikuwa na kila kitu. Umri, miaka ishirini na minne. Mimba ya kwanza. Amejifungua mtoto wa kiume saa saba mchana, amechomwa sindano ya utafiti saa saba na dakika tano, amekata roho saa nane kasoro robo. Imejazwa Jumanne saa kumi jioni, kituo cha Chala. Imepokelewa Sumbawanga Ijumaa saa kumi jioni. Katikati hapo kulikuwa na siku tatu ambazo hakuna aliyezisemea, na ndani ya siku hizo, Alhamisi, mwanamke mwingine aitwaye Generoza alichomwa sindano ile ile kule Milepa, bondeni, naye akafa.

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa. Vituo sita vya uzazi viliungana vikajiita Mtandao wa Uzazi Ufipa, ili vijaribu pamoja dawa mpya ya kuzuia damu kumwagika mama akishajifungua. Kituo kimoja hakipati wazazi wa kutosha kujua kama dawa inafaa. Sita vikishikana mikono vinawapata. Sheria yao kubwa ilikuwa moja. Mama akifa ndani ya siku moja baada ya kuchomwa, fomu itumwe papo hapo, na Sumbawanga iviambie vituo vyote viache kabla saa haijaisha. Fomu ya Cornelia ingetumwa Jumanne, Alhamisi Generoza asingechomwa. Kama dawa ilikuwa mbovu ama la, hilo walikuwa nalo wachunguzi wa dawa. Kazi ya Zaitun ilikuwa kutafuta tu zile siku tatu zilikokwenda.

Aliyefungua jalada ni Leonia, mratibu wa Mtandao, ambaye fomu zote huingia kwake kwanza. Ni mama yake Cornelia pia. Alikuja kituo cha polisi Jumanne iliyofuata, siku tatu baada ya kumzika mwanawe, mjukuu wa wiki moja mikononi, akakataa kiti. Alisema wiki ile yote alikuwa Milepa akiwafundisha wauguzi, na simu yake haikupokea fomu yoyote ya Chala mpaka Ijumaa alipopanda kurudi mjini. Hakulia. Alisema anataka jina la mtu aliyekaa na kifo cha mwanawe siku tatu, na kwamba hatakaa matanga yakaisha bila jina hilo.

Sasa, wenye nywila ya kuzuia fomu isionekane ni wawili tu, Leonia na Daktari Amin, mkuu wa utafiti. Na Ijumaa ile ile Daktari Amin alikuwa na mkutano na vituo vinne vya Katavi na Songwe vilivyotaka kujiunga. Nani anajiunga na mtandao wenye maiti mezani? Wakubwa wakaona jibu limeshapatikana. Amin akawekwa mahabusu Jumatano, na leo Alhamisi Zaitun alikuwa ameambiwa kesho asubuhi jalada liende kwa mwendesha mashtaka, wala asianze kulizungusha.

Lakini Zaitun ni mtoto wa wasafirishaji. Babake alikuwa na malori mawili ya kubeba mahindi, na nyumbani kwao hata mtoto wa darasa la pili alijua kwamba mzigo una saa tatu: kupakiwa, kuondoka na kufika. Kwenye karatasi alizopewa aliona saa ya kupakiwa na saa ya kufika. Ya kuondoka haikuwepo, na watu wazima wenye nyota mabegani walikuwa wameshamfunga mtu bila kuiuliza.

Saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa Mtandao na Zenon, mtunza takwimu, bwana mmoja mpole mwenye sweta la kijani ambaye kwa wiki nzima hakuwa amesikika akisema neno. Akamuuliza kama mashine inajua fomu ilitumwa lini. Zenon akasema inajua. Akabonyeza mara mbili, akageuza kioo. Imetumwa kutoka Chala, Ijumaa, saa kumi kasoro dakika mbili.

Zaitun akamuuliza kwa nini hakulisema hilo mapema. Zenon akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Walikuja wakachapa walichokitaka wakaondoka na daktari. Alilisema taratibu, kisha akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Cornelia alikuwa akimletea karanga kila akija mjini, akasema.

Kwa hiyo fomu haikuzuiwa Sumbawanga hata dakika tatu. Ililala Chala, kwenye kishikwambi cha muuguzi wa kituo aitwaye Salome. Hilo lilimtoa Amin nusu tu, maana mkubwa anaweza kuamuru kwa simu. Zaitun akarudi kuchukua orodha ya simu za Salome aliyokuwa ameiomba tangu jana, akaisoma ndani ya gari huku Konstebo Abuu akiendesha kuelekea Chala.

Simu ya Amin haikuwemo. Jumanne saa kumi na robo Salome alimpigia Mzee Wilibrodi wa Mollo, kaka mkubwa wa Leonia, dakika kumi na mbili. Jumatano saa moja asubuhi akapigiwa, dakika mbili, na namba ambayo Zaitun aliitazama mpaka akamwambia Abuu asimamishe gari kando. Ilikuwa ya Leonia.

Leonia alimpigia muuguzi wa Chala siku moja baada ya mwanawe kufa, wakaongea dakika mbili nzima. Halafu huyo huyo anakuja polisi na mtoto mikononi kusema hakujua lolote mpaka Ijumaa. Aliwahi kuona watu wakilia msiba walioufanya wenyewe, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mratibu ana jina la kulinda sawa na daktari. Akamwambia Abuu aongeze mwendo.

Salome walimkuta anafua mashuka ya wodi nyuma ya kituo, ingawa kituo kilikuwa kimefungwa na hakuna aliyelalia mashuka yale. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mikono imekunjamana kwa maji. Alipoona sare za Abuu akajifuta akasema alikuwa anawangoja tangu juzi, na kwamba amekwishampeleka mwanawe mdogo kwa dadake Namanyere. Wakaingia chumba cha kujifungulia. Zaitun akaketi kwenye benchi, akaweka fomu mezani.

"Hii uliijaza saa kumi Jumanne."

"Ndiyo, afande."

"Kishikwambi kilikuwa na chaji? Intaneti ilikuwepo?"

"Vyote vilikuwepo."

"Basi kwa nini hukuituma?"

Salome aliitazama fomu kana kwamba itamjibia. Akasema ile fomu ikitumwa inalia kwenye simu ya Leonia kabla ya simu ya mtu mwingine yeyote. Haina jina, ina namba tu. Namba yenyewe ni Chala sifuri sifuri moja.

Na hapo ikabidi aeleze, kwa sababu Zaitun hakuwa anajua. Mtandao ulipoanza, wanawake wa Chala waligoma kuandikishwa. Walisema wanafanywa panya. Leonia alikwenda nyumba kwa nyumba, akala ugali wa ulezi kwa kila mtu, akazika na waliofiwa, akacheza na walioozesha, na bado wakasita. Ndipo akamshika mwanawe mkono, Cornelia aliyekuwa ameolewa pale pale na ndiyo kwanza ana mimba ya miezi minne, akamwandikisha wa kwanza mbele ya wote. Ile namba aliiandika kwa mkono wake. Baada ya hapo wakaandikishwa thelathini na nane, na vituo vingine vikafuata. Vituo sita viliungana kwa sababu ya miguu ya mwanamke mmoja, na hakuna muuguzi hata mmoja kati yao ambaye Leonia hakuwahi kumshikia mtoto au kumlilia mzazi.

"Mimi alinizikia mume," Salome alisema. "Alilala chini kwenye mkeka wangu siku nne. Sasa nibonyeze, simu imlilie Milepa kule, hana ndugu, asome namba ya mwanawe na neno amefariki? Mama haambiwi hivyo. Hata mbwa haambiwi hivyo."

Akampigia Mzee Wilibrodi, kama inavyotakiwa. Mzee akasema habari hiyo itapelekwa na watu, wakiwa wamekaa, na aliyefiwa ameshikwa. Bondeni hakuna wa kumshika, na ile barabara ya kupanda mlima mtu hapandi na habari kama hiyo kifuani. Leonia anarudi Ijumaa. Waache arudi, wamngoje nyumbani. Mwili ukapelekwa mochwari, mume wa marehemu akaambiwa asimpigie mkwewe, na Salome akaiacha fomu pale ilipo.

Zaitun alimuuliza kama hakuijua sheria. Aliijua. Alikuwa ameifundisha kwa wengine. Basi kabla ya kukubali kungoja alifungua orodha ya vituo vyote sita akatazama nani anatarajiwa kujifungua wiki ile. Hakuwepo hata mmoja. Wa karibu zaidi alikuwa Generoza wa Milepa, na yeye alikuwa na wiki mbili mbele. Salome alihesabu kwa vidole mara mbili, akaona siku tatu zipo, hazimdhuru mtu.

"Uchungu ukamwanza mapema," alisema.

Kwa nini basi hakumwambia Daktari Amin kimyakimya? Kwa sababu Amin angelazimika kusimamisha vituo vyote kwa ujumbe, na ujumbe Leonia angeusoma. Kwa nini hakumnong'oneza muuguzi wa Milepa? Kwa sababu Leonia alikuwa amesimama naye chumba kimoja, na uso wa mtu hausitiri jambo la namna ile. Kila mlango Salome aliojaribu kuufungua, nyuma yake alikuta yupo Leonia. Zaitun aliyaandika yote kwa mpangilio, swali na jibu, na akaona mkono wake unaandika herufi kubwa kuliko kawaida.

Halafu akauliza alichojia. Jumatano, saa moja asubuhi, dakika mbili. Leonia alijua?

Salome aliinamisha kichwa, akaanza kulia kwa sauti ya chini ambayo haikukatika mpaka mwisho. Leonia alipiga kuuliza hali ya mwanawe, kwa sababu Jumatatu alimwacha na miguu imevimba. Salome akamwambia amejifungua. Mtoto wa kiume, kilo tatu. Leonia akapiga kigelegele hapo hapo kwenye simu, akasema ampe aongee naye. Salome akasema amelala, amechoka, amekunywa uji. Leonia akacheka, akasema basi, mwache mwanangu alale.

Alhamisi mchana ujumbe ukaingia kwenye kishikwambi cha Chala kutoka kwa Leonia mwenyewe: acheni kuchoma, tumempoteza mama Milepa, nimeshatuma fomu. Alituma ndani ya dakika kumi, kama sheria inavyosema. Salome aliusoma akiwa amesimama palepale walipokaa sasa. Zaitun alimuuliza kwa nini hata wakati ule hakutuma ya kwake, akajibu kwamba mama wa watu alikuwa na maiti ya watu mikononi, angemwongezea nini tena. Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano, Mzee Wilibrodi akapiga kusema tumeshamwambia. Dakika tatu baadaye Salome akabonyeza.

Zaitun alifunga daftari. Angeweza kumfunga pingu, na kwa haki yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini huyu hakuwa ameficha maradhi yake. Alipokuwa chuoni Moshi, Zaitun mwenyewe aliwahi kupigiwa simu kwamba babake anaumwa kidogo, aje. Alisafiri siku mbili akamnunulia kanzu njiani, na alipofika akakuta turubai uani na watu wamejaa, wameshazika. Hakumkasirikia hata mmoja wao. Mpaka leo anawashukuru kwa zile siku mbili alizokuwa bado na baba. Alimwambia Salome aende akabadilishe nguo, wanaondoka, akavae na sweta kwa sababu selo za mjini zina baridi.

Walifika Mollo, nyumbani kwa Leonia, saa tisa. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wanawake walikuwa jikoni, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ya parokia. Zaitun alimwacha Salome garini na Abuu. Mzee Wilibrodi alikuwa ameshaliona gari, akaja getini na fimbo yake. Zaitun akampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na bila kuulizwa akasema kama ni kufungwa afungwe yeye. Yule muuguzi alitii tu. Yeye hakujua mambo ya fomu. Alijua dadake ana mtoto mmoja na kwamba amekufa. Kama angeambiwa kuna mwanamke bondeni anayengoja, akasema, angeshuka mlima ule kwa miguu. Zaitun akamshika mkono.

Leonia alikuwa chumba cha ndani, anamnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Zaitun alimsalimia, akampa pole, akakaa mkekani karibu naye. Alikuwa amefikiri njia nzima namna ya kuanza, na hakuipata. Basi akaanza na saa. Akamwambia saa ya kujazwa, saa ya kutumwa na saa ya kupokelewa. Akamwambia Daktari Amin hakuhusika, atatolewa leo. Akamwambia nani aliamua na nani alitii, na kwa nini, na kwamba Salome alihesabu siku kwanza. Hakumpunguzia chochote, kwa sababu mwanamke huyu alikuwa ameshapunguziwa vya kutosha.

Leonia alisikiliza bila kuacha kumnywesha mtoto. Jina la Salome lilipotajwa kijiko kilisimama hewani, kikaendelea.

"Kwa hiyo walinihurumia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wote."

"Wote waliojua."

Alimfuta mtoto mdomo kwa pindo la kitenge. Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Zaitun akamwambia kwamba jina alilolitaka limepatikana, ni Salome, na yuko garini. Kisheria atashitakiwa kwa kutotuma fomu, na kama Leonia anataka kumwona kabla hajapelekwa, anaruhusiwa. Leonia akasema aletwe ndani, apewe chakula kwanza. Kisha akasema jalada bado halijakamilika.

Zaitun akafungua tena daftari.

"Generoza alikuwa amekataa," Leonia alisema. "Hilo hawajakuambia, kwa sababu tulikuwa wawili tu chumbani. Alhamisi asubuhi, saa nne, uchungu umeshamshika, akasema mama nimebadili mawazo, sindano siitaki, naogopa. Haki yake. Fomu ya ridhaa inasema anaweza kukataa hata dakika ya mwisho, na mimi ndiye niliyeiandika. Nilitakiwa nimwambie sawa, nifute jina lake."

"Ulimwambia nini?"

"Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuwa nimepata mjukuu. Nikamshika mkono nikamwambia, usiogope, binti yangu mwenyewe wa kunizaa amechomwa hii hii juzi. Amejifungua salama, amekunywa uji, sasa hivi amelala. Akaniuliza, kweli mama? Nikamwambia kweli. Alipojifungua akanipa paja."

Zaitun akaweka kalamu chini. Leonia akamngoja, kwa subira ya mtu aliyefundisha wauguzi wengi kujaza fomu, halafu akamwambia aandike, kwa maneno yale yale, kwa sababu Mathias, mume wa Generoza, ana haki ya kuyasoma. Zaitun akaandika. Akamsomea kuanzia mwanzo hadi mwisho, akamuuliza kama kuna la kurekebisha.

Leonia akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akachukua kalamu. Akatafuta mstari uliosema saa nne asubuhi, akaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika saa nne na robo, na pembeni akatia sahihi yake.